Chapa moja kwa chuo kizima: wanafunzi wanakataa nini hasa

Tarehe 14 Desemba 2012 Chuo Kikuu cha California kilitangaza kwamba kinasitisha matumizi ya nembo yake mpya. Ilikuwa herufi U yenye umbo la ngao, na ndani yake herufi C iliyopakwa rangi inayofifia. Kufikia siku hiyo zaidi ya watu 50,000 walikuwa wametia saini mtandaoni kuipinga. Gavin Newsom, wakati huo naibu gavana wa jimbo na kwa cheo hicho mjumbe wa bodi inayosimamia chuo, naye aliikataa hadharani. Wengine waliifananisha na ile alama inayozunguka kwenye skrini wakati kompyuta inasubirisha. Chuo kikarudi nyuma, na kisa kikabaki vichwani mwa watu kama ushindi dhidi ya mchoro mbaya.

Maelezo hayo ni mepesi mno. Nembo ile haikukusudiwa kuchukua nafasi ya muhuri wa chuo wenye kitabu kilichofunguliwa, nyota, mwaka 1868 na maneno "Let There Be Light". Muhuri ungeendelea kuwekwa kwenye vyeti. Wala haikuwa nembo ya kampasi 10 za chuo hicho, kwa kuwa kila kampasi ina alama zake. Ilitengenezwa kwa mawasiliano ya mfumo mzima. Lakini picha iliyosambaa iliweka muhuri na nembo bega kwa bega, na aliyeitazama alielewa kwamba kimoja kinaondoka na kingine kinaingia. Ufafanuzi wa chuo ulifika watu wakiwa wamekwisha kuamini hivyo. Tena Novemba 2009 bodi ya chuo hicho ilikuwa imeidhinisha nyongeza ya ada ya asilimia 32. Kwa watu waliobeba mzigo huo, swali la nani aliamua na kwa idhini ya nani lilikuwa tayari mezani kabla nembo haijachorwa.

Kwa hiyo upinzani wa wanafunzi dhidi ya chapa moja, yaani nembo, rangi na fonti zilezile kwa vitengo vyote vya chuo, unapaswa kupimwa kwa kipimo cha mamlaka: uongozi una haki ya kubadili nini, kwenye kitu cha nani, baada ya kumuuliza nani. Hapo ndipo wanafunzi wana hoja nzito, na hapo ndipo wengi hawaipeleki hoja yao, kwa sababu ni rahisi zaidi kusema mchoro unachukiza.

Sababu za kutaka chapa moja zipo, na mpinzani asiyezijua hushindwa dakika ya kwanza ya kikao. Chuo kikikaa miaka mingi bila mwongozo, kila kitivo huchora alama yake, kila idara huchagua fonti yake, na nembo ya chuo huzunguka kama picha ya JPG iliyovutwa upande hadi herufi zikanenepa. Rangi ya buluu ya kwenye joho haifanani na ya kwenye bango, na zote mbili hazifanani na ya kwenye tovuti. Dawa yake ni kuandika rangi moja kwa namba zote zinazohitajika: Pantone kwa wino maalumu, CMYK kwa uchapaji wa rangi nne, RGB na namba ya heksa kwa skrini. Oxford, kwa mfano, buluu yake rasmi ni Pantone 282, na hakuna mchapaji anayehitaji kukisia.

Muhuri wa mviringo wenye maandishi ya Kilatini ukingoni una tatizo lake. Ulibuniwa kwa karatasi na nta. Uweke kwenye alama ndogo ya kivinjari yenye pikseli 16 kwa 16, utapata doa. Uweke kwenye duara la mitandao ya kijamii, maandishi hayasomeki kabisa. Chuo kinahitaji kweli alama rahisi kwa nafasi hizo. Vilevile mwongozo wa pamoja ndio njia ya kuhakikisha maandishi ya tovuti yanasomeka na wenye uoni hafifu: kiwango cha kimataifa cha WCAG kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma ifikie walau 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Njano tupu juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Idara 40 zikijichagulia rangi kila moja kivyake, nyingi zitaanguka hapo.

Yote haya nayakubali. Ila tazama yanahusu nini: tovuti ya chuo, barua za chuo, mabango ya chuo, matangazo ya chuo. Hiyo ndiyo ngazi moja kati ya tatu, na kosa linaanza uongozi unapoichukua mantiki ya ngazi hiyo na kuisukuma juu na chini.

Ngazi ya juu ni muhuri, jina la kisheria na cheti. Hivi havimilikiwi na kitengo cha mawasiliano, kwa sababu mhitimu wa miaka 30 iliyopita bado anavitumia leo. Mwajiri au ofisi ya ithibati inayolinganisha vyeti huangalia jina, muhuri na saini. Jina likibadilika nusu, mhitimu ndiye anayeandika barua za kueleza.

King's College London ilipita njia hii. Mwishoni mwa 2014 ilitangaza kwamba ingejiita "King's London" kuanzia mapema 2015, huku jina la kisheria likibaki lilelile. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba neno "College" linawachanganya watu: wapo wanaodhani ni bweni, shule, au sehemu ya chuo kingine. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Hata hivyo waliotia saini kupinga walizidi 10,000, na Januari 2015 mpango ukaachwa.

Watetezi wa mpango ule walisema: jina la kisheria haliguswi, mnalalamikia nini? Jibu liko kwenye utaratibu. Chuo cha Uingereza kilichoanzishwa kwa hati ya kifalme hakiwezi kubadili hati hiyo bila idhini ya Privy Council, baraza la washauri wa mfalme. Lango hilo ni gumu kwa makusudi, na linadai sababu na kumbukumbu. Jina la matumizi halipiti hapo. Linaweza kuamuliwa ndani ya chuo, kisha likaonekana kwenye tovuti, kwenye mlango na kwenye kila tangazo, mpaka jina la kisheria likabaki kwenye karatasi ambazo hakuna anayezisoma. Uongozi unapata faida karibu zote za kubadili jina bila kupitia mtihani wa kubadili jina. Mwanafunzi anayelipinga hilo analinda lango, hata kama mwenyewe anaona anatetea tu jina alilolizoea.

Ngazi ya chini ni vitu vilivyotengenezwa na wanafunzi na watafiti wenyewe: kilabu cha mdahalo, timu za michezo, gazeti la wanafunzi, maabara yenye jina lake. Hapa ndipo chapa moja inapoumiza kila siku, na ndipo vyombo vya habari vinapopita haraka zaidi. Mwongozo mpya huwa na sentensi isiyovutia macho, kitu kama "vikundi vyote vinavyotumia jina la chuo vitatumia violezo vilivyoidhinishwa". Kilabu kikitii, bango la mjadala wa Ijumaa linasubiri idhini ya ofisi inayojibu Jumatatu. Jezi na mabango yaliyolipiwa kwa michango ya wanachama yanakuwa haramu ghafla, na hakuna fungu lililotengwa la kuyabadilisha. Gazeti la wanafunzi likivishwa sura ya chuo, msomaji hawezi tena kujua kama anasoma habari au taarifa ya ofisi ya mkuu wa chuo, na chuo nacho kinajitwisha maneno ambayo hakikuyaandika. Kwa hiyo hata mwanasheria wa chuo ana sababu ya kutotaka hilo.

Watafiti wana mgongano mwingine. Miradi inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya chini ya Horizon Europe, mpango wake wa kufadhili utafiti, inatakiwa kuonyesha bendera ya Umoja huo kwa uwazi usiopungua ule wa nembo nyingine zozote. Mwongozo wa chuo unaosema nembo yetu ndiyo iwe kubwa, na iwe peke yake upande wa juu, unamweka mtafiti kati ya mkataba wa mfadhili na waraka wa kitengo cha mawasiliano.

Halafu kuna tovuti. Kuunganisha tovuti za idara ndani ya kiolezo kimoja huhamisha kurasa, na anwani za zamani hufa zisipoelekezwa moja baada ya nyingine kwenda kwenye kurasa mpya. Tasnifu na makala zilizonukuu anwani hizo zinabaki na tanbihi zinazoelekea patupu. Kuelekeza anwani ni kazi ya kuchosha isiyoonekana siku ya uzinduzi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa muda unapobana. Mwanafunzi wa uzamili anayelalamikia jambo hili ana hoja kubwa kuliko mia wanaolalamikia rangi.

Fonti nazo zinastahili neno. Fonti ya kibiashara hulipiwa leseni: mara nyingi kwa idadi ya kompyuta inakosakinishwa, na kwa wingi wa kurasa zinazofunguliwa kwenye tovuti. Chuo hununua leseni ya wafanyakazi, kisha kinatoa kiolezo cha tasnifu kinachodai fonti hiyohiyo. Mwanafunzi hana haki ya kuisakinisha. Programu yake inaweka fonti nyingine badala yake, mistari inasogea, majedwali yanakatika, na jedwali la yaliyomo linataja kurasa zisizo zake. Kuna njia mbili za kukwepa hili. Moja ni fonti ya leseni huria. Nyingine ni kama ya Yale, ambayo ilitengenezewa fonti yake na Matthew Carter, na wanafunzi wake wanaruhusiwa kuitumia. Swali la kuuliza kikaoni ni fupi: leseni inamhusu mwanafunzi, ndiyo au hapana?

Uongozi una jibu ambalo hulitoa karibu kila mara: wanafunzi wanapinga mabadiliko yoyote, na baada ya miaka 3 au 4 wameondoka. Historia haikubaliani na hilo. Mwaka 2015 na 2016 wanafunzi wa Shule ya Sheria ya Harvard ndio waliodai alama iondolewe. Ngao ya shule hiyo, iliyokuwa ikitumika tangu 1936, ilichukuliwa kutoka kwenye nembo ya familia ya Royall, iliyotajirika kwa kazi ya watumwa. Mali iliyoachwa na Isaac Royall kwa wosia ndiyo iliyoanzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa sheria hapo. Kamati iliundwa, ikasikiliza, ikapendekeza, na Machi 2016 chuo kikakubali kuiondoa. Ngao mpya ilitoka 2021. Kwa miaka 5 hivi shule maarufu kama ile iliendelea kufundisha na kutoa shahada bila ngao yake. Ukikumbuka hilo, ile haraka ya "lazima tuzindue kabla ya muhula mpya" inapoteza uzito wake.

Sasa upande wa wanafunzi, maana nao hukosea, na makosa yao yanajirudia.

Kosa la kwanza ni la muda. Kazi ya kubadili chapa hupita hatua zinazojulikana: hadidu za rejea, zabuni, mahojiano ya utafiti, mkakati, michoro michache ya kuchagua, idhini, mwongozo, uzinduzi. Wanafunzi huitwa kwenye michoro, wapige kura kati ya A na B, au husikia habari siku ya uzinduzi. Uamuzi wenyewe ulikuwa kwenye hadidu za rejea, kwenye sentensi inayosema chapa itahusu vitengo gani na nani ataidhinisha. Kura ya A na B baadaye hutajwa kama ushahidi kwamba wanafunzi walishirikishwa. Serikali ya wanafunzi iliyo macho hufuatilia ajenda za baraza la chuo na matangazo ya zabuni. Ikiona maneno kama "mkakati wa utambulisho" au "huduma za ubunifu wa chapa", inaomba hadidu za rejea siku hiyohiyo.

Kosa la pili ni kupiga kelele bila karatasi. Pale sheria inaporuhusu, ombi la taarifa lina nguvu kuliko saini. Uingereza, vyuo vikuu viko chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000 na vinatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Chuo kinaweza kukataa iwapo kazi ya kutafuta itazidi pauni 450, yaani saa 18 kwa pauni 25 kwa saa, kwa hiyo usiombe "barua pepe zote kuhusu chapa". Omba hadidu za rejea, mkataba, bajeti ya utekelezaji na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha, ukitaja tarehe. Wakikujibu kwamba ni siri ya kibiashara, kinga hiyo iko kwenye kifungu cha 43 na inapimwa dhidi ya maslahi ya umma. Omba mapitio ya uamuzi. California, sheria ya kumbukumbu za umma inakipa chombo siku 10 kueleza kama kina nyaraka za kutoa.

Ndani ya karatasi hizo usiishie kwenye bei ya msanifu. Hiyo ndiyo namba inayopata kichwa cha habari, na uongozi huijibu kwa urahisi: ni kidogo ukilinganisha na bajeti ya chuo. Uliza utekelezaji: mabango ya majengo, magari, vitambulisho, tovuti, leseni za fonti za kila mwaka, na saa za wafanyakazi wa idara watakaobadilisha nyaraka. Mara nyingi fedha hizo zimetawanywa kwenye vifungu vya vitengo mbalimbali, na hakuna jumla moja iliyoandikwa popote. Kukosekana kwa jumla hiyo ni hoja tosha ya kuomba kazi isimame.

Kosa la tatu ni kumshambulia msanifu. Aliyechora alifuata alichoagizwa. Ukitaka kuikosoa kazi yake, ipime. Ichapishe kwa rangi moja nyeusi: rangi inayofifia, kama ile ya herufi C ya California, hugeuka kijivu chenye madoadoa au hupotea. Itoe fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, mara 3. Ipunguze hadi pikseli 16. Ikate kwa duara. Peleka kwa fundi wa kutarizi uone inavyokaa kwenye fulana, maana herufi zilizo chini ya milimita 5 hivi huzibwa na nyuzi. Iweke kwenye mhuri wa mpira. Majaribio haya humalizika kwa siku moja, na ukurasa mmoja wa picha zake ukiwekwa mbele ya baraza unajibiwa kwa picha. Tusi linajibiwa kwa kupuuzwa.

Kosa la nne ndilo linalouma zaidi, kwa sababu huja baada ya ushindi. Dai lililoandikwa "rudisheni nembo ya zamani" linaweza kukubaliwa lote na kusibadilike kitu. Uongozi unaondoa mchoro na kubakiza mwongozo. Nembo ya zamani inarudi, lakini kilabu bado kinahitaji idhini ya siku 5, gazeti bado linatakiwa kuvaa kiolezo, na anwani za idara bado zinakufa. Hasira nazo zimekwisha, kwa kuwa kilichoonekana kwa macho kimeondolewa.

Dai lililoandikwa vizuri linataja ngazi. Linakubali kwamba kitengo cha mawasiliano kinasimamia tovuti na matangazo ya chuo. Linasema jina la matumizi lipitie seneti na baraza kwa utaratibu uleule wa jina la kisheria, na kwamba muhuri na cheti visiguswe bila wahitimu kuulizwa. Linaviondoa vikundi vya wanafunzi na gazeti lao kwenye mwongozo kwa kuvitaja, kwa sababu maneno "isipokuwa pale inapofaa" humwachia ofisa mmoja kuamua kinachofaa. Linaruhusu jezi, bahasha na mabango yaliyopo yatumike mpaka yachakae. Linadai faili za vekta za nembo, zile zinazokuzwa bila kufifia, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuzipakua, kwa sababu nembo nyingi zilizovutwa na kufifia zilitokana na watu kukosa faili sahihi. Na linataka anwani za tovuti za zamani ziendelee kuelekeza kwenye kurasa mpya, pamoja na jina la ofisi itakayowajibika zikikatika.

Uongozi ukikubali, kumbukumbu za kikao zitaje ni vifungu gani vya mwongozo vimefutwa, namba kwa namba. Tangazo la kusitisha nembo halifuti mwongozo, na violezo hubaki kwenye seva vikiendelea kupakuliwa na makatibu wa idara ambao hawakuambiwa lolote. Muhula unaofuata, mtu wa kwanza kuulizwa awe katibu wa kilabu aliyekwenda kuomba ukumbi: fomu aliyopewa bado ina kisanduku cha idhini ya chapa au hakipo?